Wakuu, askari polisi ana haki ya kudai leseni ya rubani binafsi ndege ikishapaki? Nimekaguliwa Kigoma, naomba nondo

#1 Rubani wa Unyanyembe
Salaam wakuu. Mimi ni rubani binafsi, nina PPL (leseni ya rubani binafsi), sibebi abiria wa kulipa wala mzigo wa mtu, naruka kwa mapenzi yangu na mafuta yangu. Wiki hii nimetoka Tabora asubuhi na Cessna 182 ya rafiki yangu, usajili wa 5H (wa Tanzania), nimekaa na shemeji yangu kulia, nyuma kuna mabegi na madumu mawili ya asali. Tumetua Kigoma vizuri, nimezima injini, ndio nashuka kuweka kabari kwenye matairi naona watu wanne wanakuja, wawili wana sare za polisi, mmoja kavaa kiraia, mmoja ana kizibao cha njano. Wametusalimia, wakaomba leseni yangu, medikali (cheti cha afya) na makaratasi ya ndege, nikatoa. Halafu yule wa kiraia akasema fungua mlango wa mizigo. Nikafungua. Madumu yakafunguliwa yakanuswa, mabegi yakapekuliwa mpaka chini, jina langu likaandikwa kwenye daftari kubwa, tukaambiwa karibuni Kigoma.

Naomba nieleweke, hakuna aliyetutolea lugha mbaya na hakuna aliyeomba kitu, kwa hiyo sijaja kulalamikia mtu. Nataka kujua sheria. Kati ya wale wanne nani hasa ana haki ya kuomba leseni ya rubani? Nani ana haki ya kupekua ndege? Ningesema hapana ingekuwaje? Na kwa nini mimi, maana ile Dash 8 ya abiria ilitua nyuma yetu kidogo na sikuona mtu kaisogelea kwa mtindo ule. Wenye nondo shusheni.

#2 Kibirizi Boy
Nawahi siti ya mbele. Ila mkuu umepita Kigoma na madumu mawili ya asali ya Tabora na hakuna aliyeachiwa hata chupa, hapo ndipo kosa lilipo.

#3 Sauti ya Mwanga
Mkuu jibu la "kwa nini mimi" ni jiografia tu. Kigoma ni mpakani. Ukipaa pale ukageuza pua magharibi unavuka ziwa, na ziwa Tanganyika ni refu lakini sio pana, kwa ndege yako ile ni robo saa uko Kongo. Ukienda kaskazini uko Burundi. Dash 8 ina ratiba, abiria wake wamepita kwenye mashine kule walikotoka, majina yanajulikana. Wewe umetokea tu na mtu mmoja na madumu, mashine hamjapita, na ndege yako inaweza kutua kwenye uwanja wa majani popote njiani ikapokea mtu au mzigo. Mimi ningekuwa afisa ningekuja kukuangalia.

#4 Mrukaji wa Ipuli
Mbona hili liko wazi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kifungu cha 16, mamlaka zina haki ya kupekua ndege inapotua au inapoondoka na kukagua vyeti na nyaraka zake, wasicheleweshe tu bila sababu ya msingi. Kifungu cha 29 kinakutajia vya kubeba, cheti cha usajili, cheti cha ubora wa kuruka, leseni za wote wanaoiendesha, kitabu cha safari, leseni ya redio kama redio ipo, orodha ya abiria na wametoka wapi wanakwenda wapi, na manifesti ya mzigo. Tanzania ni mwanachama. Uzi ufungwe.

#5 Wakili wa Isevya
#4 usifunge kwanza, kasome upya mstari wenyewe. Kifungu cha 16 kinasema ndege za nchi NYINGINE wanachama. Na cha 29 kinahusu ndege iliyo kwenye safari za kimataifa. Mleta mada ana 5H na katoka Tabora kwenda Kigoma, ni ndani ya nchi mwanzo mwisho. Hapo Chicago haimgusi moja kwa moja, inayomgusa ni Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni zake za leseni.

Kanuni zinasema mwenye leseni awe nayo anaporuka, na aionyeshe akiombwa na Mamlaka (yaani TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga) au mtu aliyeidhinishwa na Mamlaka. Polisi ana mlango wake mwingine kabisa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, huyo anapekua kwa sababu ana shaka kuna kosa, siyo kwa sababu anataka kujua medikali yako inaisha lini. Kwa hiyo swali lote la huu uzi liko kwenye "mtu aliyeidhinishwa". Je askari polisi anaingia humo? Msimamo wangu ni kwamba haingii hivi hivi kwa sababu tu ana sare, lazima awe kaidhinishwa kweli. Najua wapo watakaonipinga na wana hoja.

#6 Afande Mstaafu
Mimi wa kwanza kukupinga wakili, kwa heshima zote. Polisi wana kikosi chao kabisa cha viwanja vya ndege, hawakuwekwa pale kulinda geti. Nikikuta mtu kwenye eneo la ndege nina wajibu wa kujua ni nani na anafanya nini pale. Leseni ndiyo inayoniambia kwamba huyu kweli ni rubani na ile ndege hajaikwapua mahali. Sasa ukinijibu huna haki, hapo hapo umenipa shaka ambayo dakika moja nyuma sikuwa nayo, na ile Sura ya 20 unayoisema inaanza kufanya kazi.

Nimefanya kazi viwanjani miaka mingi kabla sijastaafu, naishi Gungu sasa hivi. Askari hana shida na rubani. Anatafuta mzigo na anatafuta mtu.

#7 Wakili wa Isevya
Afande shikamoo. Lakini hapo umesema jambo zito bila kuliona zito. Mtu kuuliza haki yake haiwezi kuwa ndiyo shaka yenyewe, ikiwa hivyo basi hakuna haki yoyote ya kuuliza, kila anayeuliza anapekuliwa. Shaka itoke kwenye kitu, taarifa, harufu, mzigo usioeleweka, mtu anakimbia.

#8 Afande Mstaafu
Marahaba. Tutafika huko, endelea kumwaga.

#9 Tango Mike
Nimesomea urubani Florida miaka ile kabla sijarudi nyumbani Tabora, niwape ya Marekani maana wale hili wamelimaliza kwa maandishi. Kanuni yao ya 61.3 inasema wazi, mwenye leseni lazima aionyeshe akiombwa na FAA (mamlaka yao ya anga), na watu wa NTSB wanaochunguza ajali, na watu wa TSA (usalama wa usafiri), na afisa YEYOTE wa usalama awe wa serikali kuu, wa jimbo au wa pale mjini. Yaani hata polisi wa kijijini akija uwanjani anaweza kukuomba. Logibuku (kitabu cha kumbukumbu za kuruka) nayo ipo kwenye 61.51, unaionyesha ukiombwa kwa sababu ya msingi, ila rubani binafsi halazimiki kutembea nayo, mwanafunzi anayesafiri mbali peke yake ndiye lazima awe nayo.

LAKINI kuonyesha leseni ni kitu kimoja, kupekuliwa ni kingine. Pale kuingia ndani ya ndege na kufungua mabegi wanahitaji ridhaa yako, au hati, au sababu nzito ya kuamini kuna uhalifu, isipokuwa unatoka nje ya nchi na unaingia forodha. Hata inspekta wa FAA anayekagua ndege kwenye maegesho, kitabu chao cha kazi kinamkataza kuingia ndani bila rubani kujua, anachungulia dirishani tu.

Walimu wetu walikuwa wanatuambia mkononi shika, mwonyeshe asome, usimwachie akaondoka nayo, isije ikaja kudaiwa umeirudisha leseni kwa hiari yako.

#10 Mama Migebuka
Mimi sijui ndege lakini nasoma nasikitika. Sisi tunaopita na boti pale Kibirizi tunafunguliwa magunia kila safari, dagaa wanamwagwa juu ya mbao, watu wa forodha wanaangalia, uhamiaji wanaangalia, askari wanaangalia, na hakuna anayekuja kutuuliza kama tuna maswali ya kisheria. Kwa hiyo mwanangu Unyanyembe usione umeonewa, karibu kwenye maisha ya mwambao.

#11 Rubani wa Unyanyembe
Mama shikamoo, sijaona nimeonewa kabisa, nimeuliza ili siku nikikutana na asiye na adabu nijue pa kusimamia. Na wewe unayo haki hiyo hiyo, dagaa wakimwagwa wakaharibika nani anakulipa?

#12 Mama Migebuka
Marahaba baba. Hakuna anayelipa. Hapo sasa umenigusa.

#13 Dada wa Hanga
Mimi ni fundi wa ndege ndogo, nipo kwenye hii kazi muda. Nyote mnabishana kuhusu polisi lakini hakuna aliyeuliza yule wa kizibao cha njano alikuwa nani. Kizibao anavaa kila mtu uwanjani, wa mafuta, wa zimamoto, wa TAA (mamlaka ya viwanja vya ndege), wa mizigo. Inspekta wa TCAA anatembea na kitambulisho chake maalum cha ukaguzi na anatakiwa akuonyeshe kabla hajagusa chochote. Na utamjua kwa anachokiangalia. Wa usafiri wa anga ataangalia matairi, ataangalia propela kama ina mikwaruzo, kizima moto kiko wapi na tarehe yake, ile redio ya dharura ya kutafutia ndege ikianguka, cheti cha ubora wa kuruka kama hakijaisha, mizigo kama imefungwa na kama uzito umeupigia hesabu. Hana habari na asali yako inanukaje. Wa forodha na wa usalama wao wanakwenda nyuma moja kwa moja.

Kwa hiyo #1 tuambie, wa njano aliangalia nini?

#14 Rubani wa Unyanyembe
Dada asante. Alizunguka ndege mara moja, akainama kwenye tairi la mbele, akauliza mafuta yamebaki kiasi gani. Kitambulisho sikukiona. Wa kiraia ndiye aliyekuwa anatoa maelekezo yote ya mizigo, naye hakusema ni wa ofisi gani, na askari walikuwa wamesimama tu.

#15 Dada wa Hanga
Basi hapo mna ofisi tatu kwenye ndege moja. Ndio maana kila mtu anakujibu tofauti.

#16 Kibirizi Boy
Mimi nilijua medikali ya rubani wanaangalia kama una daraja la kwanza, ukiwa huna hairuhusiwi.

#17 Tango Mike
Hapana kijana, daraja la kwanza ni la marubani wa biashara. PPL inatosha daraja la pili. Usimtishe mtu.

#18 Wakili wa Isevya
Niongezee kwenye alichosema dada maana ni cha muhimu. Maafisa wa forodha wana Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ile inawapa mkono mrefu sana wa kupanda na kupekua chombo, iwe meli, gari au ndege. Uhamiaji wana Sura ya 54, nao wanaweza kupanda chombo kuangalia watu. Sasa Kigoma wote hawa wapo na wote wana kazi kweli kweli. Kwa hiyo yule wa kiraia kama alikuwa wa forodha, upekuzi wake una miguu. Kama alikuwa mtu mwingine, basi awe na shaka ya kosa na afuate taratibu za Sura ya 20, na kikichukuliwa kitu chako upewe hati ya ukamataji mali, kila kitu kimeandikwa, umesaini na shahidi kasaini. Hiyo karatasi ikikosekana ndipo kesi nyingi zinapovunjika mahakamani, na ndipo mali za watu nyingi zinapotelea.

Lakini huwezi kujua ni yupi kama hukuuliza. Kuuliza "samahani mkuu, unatoka ofisi gani na naomba kuona kitambulisho" haijawahi kuwa kosa la jinai.

#19 Mzee wa Mnara
Nimekaa mnarani miaka mingi viwanja tofauti, sasa napumzika Tabora hapa. Naona mnakimbilia sheria, mimi nauliza la kawaida kabisa. Flaiti plani uliijaza? Ukaandika utafika saa ngapi, na ukafika saa ngapi? Tabora mpaka Kigoma kwa anga ni kama kilomita 350, kwa 182 ni saa moja na dakika ishirini hivi, upepo ukikubeba chini ya hapo. Ndege ikichelewa bila maelezo mnara unaanza kuitafuta kwenye redio, isipojibu unapiga simu huku na huku, na ukishapiga simu watu wengi wanakuwa wamejua kuna ndege ndogo haijulikani iko wapi. Ikitokea ghafla inatua, unadhani watakaa ofisini?

#20 Rubani wa Unyanyembe
Shikamoo mzee. Plani nilijaza na mnarani nilikuwa naongea nao. Nilichelewa kama nusu saa. Kulikuwa na mawingu mazito usawa wa Malagarasi, sikutaka kuingia humo, nikapinda kaskazini juu ya Moyowosi nikayazunguka, nikarudi kwenye njia. Nilitoa taarifa.

#21 Sauti ya Mwanga
UMEPITA JUU YA MOYOWOSI!! Mkuu hilo ungeliandika kwenye #1, umetuzungusha watu wazima siku nzima.

#22 Mwindaji wa Zamani
Hapo sasa nimeelewa. Moyowosi ni pori la akiba, kuna viwanja vya kutua vya kambi za uwindaji kule ndani, na kule upande wetu wa Tabora kuna Ugalla ambayo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Ndege ndogo ikichelewa ikitokea upande huo, watu wa wanyamapori na usalama wanawaza meno ya tembo kabla ya kuwaza mawingu. Msione wanazidisha. Januari 2016 rubani wa helikopta ya doria alipigwa risasi na majangili kutoka chini kule Maswa akafariki. Mambo ya ndege na pori sio ya mchezo. Ndio maana madumu yalifunguliwa, walikuwa wanatafuta kitu kilichofichwa ndani ya kitu.

#23 Tango Mike
Inaweza kuwa, lakini mtu aliyebeba meno ya tembo anashuka Kigoma mchana kweupe kwenye uwanja wenye polisi baada ya kuongea na mnara njia nzima? Mimi sioni. Meno yangekwenda usiku kwa boti.

#24 Mwindaji wa Zamani
Wajanja ndio hufanya mchana kweupe ndugu yangu.

#25 Binti wa Cheyo
Naomba niweke kisa changu. Nina PPL nami, nilitua uwanja mmoja (siutaji, na sio Kigoma wala Tabora) nikiwa na kaka yangu amekaa kulia. Walikuja wawili, wakanipita mimi pembeni wakaenda kwa kaka wakamwomba leseni ya urubani. Kaka akawaambia mimi ni abiria, rubani ni huyu. Wakarudia tena, bwana rubani tunaomba leseni. Nikatoa yangu nikaishika mkononi wakaisoma, wakaangalia picha, wakaniangalia, wakaangalia picha, wakataka na kitambulisho cha taifa, halafu wakataka na barua ya mwenye ndege. Barua nilikuwa nayo kwa sababu baba alinifundisha, ndege isiyo yako tembea na barua ya mwenyewe yenye saini na namba ya simu anayopokea. Iliisha palepale. Bila ile barua tungelala.

Kwa hiyo #1 ndege ni ya rafiki, barua ulikuwa nayo? Maana inawezekana hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta kwenye makaratasi.

#26 Rubani wa Unyanyembe
Dada pole na hongera. Walimpigia mwenye ndege wakaongea naye, jina lake lipo kwenye cheti cha usajili. Hilo la barua nimelichukua, naiandikisha kesho.

#27 Sauti ya Mwanga
Hili la ndege ya mtu mwingine linanikumbusha wale wazee maarufu wa Marekani wenye shule ya urubani, John na Martha King, walitua uwanja wa Santa Barbara 2013 wakakuta polisi wamewaelekezea bunduki, wakafungwa pingu, kila mmoja kwenye gari lake. Kisa namba ya usajili.

#28 Tango Mike
Ni Agosti 2010 mkuu, mengine yote ni sahihi. Cessna 172 yao ilikuwa imepewa namba iliyowahi kuwa ya Cessna 150 iliyoibwa 2002. Ile ya wizi ilibaki kwenye kumbukumbu za kituo cha upelelezi cha El Paso, kompyuta ikaona namba ikapiga kengele, hakuna aliyelinganisha kwamba 150 na 172 ni ndege tofauti. Na walikuwa wamejaza flaiti plani, wanaongozwa na rada njia nzima. Hiyo 2013 unayoikumbuka ni mwaka ambao AOPA, chama cha wamiliki na marubani kule, walipaza sauti kwa sababu watu wa forodha na ulinzi wa mipaka walikuwa wanasimamisha ndege ndogo ndani ya nchi, mbali na mpaka, wakitumia kile kisingizio cha kukagua leseni halafu wanataka kupekua. AOPA wakawatengenezea wanachama kadi ya kubeba kokpiti, inasema ukisimamishwa onyesha vyeti, uliza kama umeshikiliwa au uko huru kuondoka, upekuzi usiukubali kwa mdomo lakini usiwazuie kwa mikono.

#29 Afande Mstaafu
Hiyo ya mwisho naiunga mkono kwa asilimia mia. Usizuie kwa mikono. Sema huridhiki, sema unataka iandikwe, halafu simama pembeni uangalie kila kitu kinachotolewa. Mwenye mali ana haki ya kuwepo upekuzi ukifanyika, na mimi kama askari nilikuwa napenda awepo maana inanilinda na mimi, asije akasema kesho nimemwekea kitu.

#30 Wakili wa Isevya
Afande hapo tumekutana.

#31 Mwana Ujiji
Natoka nje ya mada kidogo. Mnasema Kigoma inaogopa ndege ndogo, historia ipo. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege zinazotua majini, wakawa wanavuka kutoka ng'ambo ya Kongo kuja kudondosha mabomu bandarini Kigoma wakiitafuta meli ya Mjerumani, Graf von Götzen, ambayo ndiyo hii hii Liemba yetu. Babu wa babu zetu waliiona ndege kwa mara ya kwanza ikiwa inarusha moto. Kisha 1965 Che Guevara kavuka kutoka hapa hapa kwenda Kongo na kurudi hapa hapa. Sasa mtu anashangaa kuulizwa umebeba nini?

#32 Kibirizi Boy
Mzee Ujiji kila uzi lazima Liemba iingie, hata ule wa bei ya saruji uliingiza Liemba.

#33 Mwana Ujiji
Na saruji ilipanda Liemba.

#34 Mpole wa Kanyenye
Mimi nina maelezo mengine tofauti na ya mpaka na ya pori. Dhahabu. Kanda hii kuanzia Nzega mpaka Geita na Kahama kuna dhahabu, na tangu masoko ya madini yafunguliwe 2019 serikali inataka kila gramu ipite sokoni. Dhahabu haina harufu, haina ujazo, dumu la asali linaficha vizuri kuliko begi. Walivyofungua madumu walinusa tu au waliingiza kitu?

#35 Rubani wa Unyanyembe
Waliingiza kijiti kirefu mpaka chini. Sasa umenifanya nifikirie.

#36 Dada wa Hanga
Kijiti kirefu ni cha dhahabu au cha meno? Meno hayaingii kwenye dumu la asali jamani.

#37 Mwindaji wa Zamani
Vipande vinaingia.

#38 Mkaguliwa
Nyote mnazungumzia waungwana. Mimi rubani mwenzenu, kiwanja kimoja sikitaji nilikaguliwa, makaratasi yote sawa, ikaja "leseni yako tunabaki nayo mpaka mkubwa arudi". Mkubwa alikuwa wapi hakuna aliyejua, jua linazama na mimi siruki usiku. Nilichofanya ni kumpigia mtu wa TCAA niliyekuwa na namba yake, nikawapa simu waongee. Leseni ikarudi mkononi hapo hapo, nikapaa na mwanga bado upo. Tangu siku hiyo kabla ya safari naweka kwenye simu namba ya mnara wa ninakokwenda, namba ya ofisi ya TCAA, na ya mtu wa sheria. Na nakala za karatasi zote naweka begi lingine, wakitaka kubaki na kitu wanabaki na nakala.

#39 Afande Mstaafu
Huyo aliyekushikia leseni bila karatasi alikosea, siwezi kumtetea hata kidogo. Leseni ya urubani aliyeitoa ni Mamlaka, kuifungia ni kazi ya Mamlaka. Askari akiona ina mashaka anaandika taarifa anaipeleka kwao.

#40 Wakili wa Isevya
Asante afande. Lakini ukishakubali kwamba kuifungia sio kazi ya askari, na kuihakiki kama ni halali huwezi bila kuwapigia hao hao, basi kuidai uliidai kwa kazi gani? Ndio hoja yangu ya #5 inarudi pale pale.

#41 Afande Mstaafu
Kumjua mtu. Nimeshasema.

#42 Wakili wa Isevya
Kitambulisho cha taifa kinamjulisha mtu.

#43 Afande Mstaafu
Kitambulisho cha taifa hakisemi anajua kurusha ndege.

#44 Mama Migebuka
Mko vizuri sana wote wawili, endeleeni.

#45 Mzee wa Mnara
Ukiwa na muda Unyanyembe, siku nyingine ukikunja njia hata kwa mawingu, mwambie mnara muda mpya wa kufika, sio kwamba umepinda tu. Mara nyingi watu wanasema "napita kaskazini" wanasahau kusema "nitachelewa nusu saa". Mnara wanasikia umepinda, lakini saa waliyoandika kwenye kijikaratasi inabaki ile ile ya zamani, na aliyeko chini anaangalia kijikaratasi.

#46 Tango Mike
Mzee hiyo ni nondo. Lakini bado haielezi kijiti.

#47 Rubani wa Unyanyembe
Nimesoma yote wakuu, asanteni sana. Ijumaa narudi Kigoma na ndege ile ile kumfuata shemeji, plani nishaanza kuiandika. Nitakuwa na barua ya mwenye ndege, nakala kwenye begi lingine, na wakija nitauliza kwa upole kila mmoja anatoka ofisi gani. Wa kiraia nikimkuta nitamuuliza ana kwa ana alikuwa anatafuta nini.

#48 Wakili wa Isevya
Usisahau lile daftari kubwa. Angalia juu limeandikwa la nani, la kituo cha polisi, la TAA au la ofisi gani. Kama ni la polisi, uliza wameandika nini kwenye safu ya sababu ya kukaguliwa.

#49 Afande Mstaafu
Ataoneshwa jalada la nje tu, ndani haoni, humo kuna majina ya wengine.

#50 Wakili wa Isevya
Mstari wake mwenyewe anaweza kuomba.

#51 Afande Mstaafu
Anaweza kuomba kwa barua. Aje na barua mbili basi hiyo Ijumaa.